Mungu Ahifadhiye Mifupa

Zaburi ya 34, mstari wa 20, yazungumzia mifupa ya mwenye haki na jinsi Bwana anavyoilinda. Wakristo wengi huusoma mstari huo na kuendelea mbele. Sisi hatuwezi. Binti yetu alikuwa amevunjika mara tisa kabla hajatimiza miaka minane. Jioni moja mstari huo ulisomwa katika ibada ya jumuiya, naye akatuuliza tukiwa njiani kurudi nyumbani: "Kwani mimi si mwenye haki?"

Tunaandika kwa ajili ya wazazi wengine ambao hawana jibu la haraka kwa swali kama hilo.

Mara ya kwanza alivunjika paja akiwa na miezi saba, wakati akibadilishwa nepi. Hospitalini tuliulizwa nani amempiga. Mtaani wengine walisema ni laana ya ukoo, na mpendwa mmoja alituita pembeni akitutaka tutubu dhambi iliyofichika. Mtoto alikuwa na miaka mitano alipoonwa na daktari aliyetazama kwanza macho yake: sehemu nyeupe ilikuwa na rangi ya bluu. Kisha akatazama picha za eksirei, akaona pingili za uti wa mgongo zimebonyea, ingawa mtoto hakuwahi kuanguka vibaya. Akatuambia ni osteojenesisi impafekta, ugonjwa wa kuzaliwa nao. Mwili una kasoro katika kutengeneza kolajeni, protini inayoushikilia mfupa. Humpata takriban mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000. Hautokani na kipigo wala lishe mbaya, wala laana. Siku hiyo tulilia, na katika kilio kile kulikuwa na nafuu.

Daktari alitueleza kwamba osteoporosisi, ambayo tuliijua kama ugonjwa wa bibi zetu, huwapata watoto pia. Mfupa ulio hai haukai kama jiwe. Zipo seli zinazobomoa mfupa wa zamani na seli zinazojenga mpya, usiku na mchana. Kwa binti yetu wabomoaji walikuwa wakiwashinda wajenzi. Dawa za kundi la bisfosfoneti hung'ang'ania kwenye mfupa na kuwapunguza kasi wabomoaji, ili wajenzi wapate nafasi. Mwaka 1998 Dk. Francis Glorieux na wenzake wa Montreal, Kanada, walichapisha matokeo ya kuwatibu watoto 30 kwa dawa mojawapo ya kundi hilo, pamidroneti, na tangu hapo tiba hiyo imeenea. Binti yetu hupewa asidi ya zoledroniki, ambayo hutumika pia kwa wagonjwa wa saratani iliyofika mifupani. Dripu yake huchukua chini ya saa moja, kila baada ya miezi sita.

Kabla ya dripu hupimwa damu, kuona kama figo ni nzima na kama kalsiamu na vitamini D zinatosha, kwa sababu dawa hii huweza kuishusha kalsiamu ya damu kwa hatari. Meno nayo hukaguliwa. Usiku baada ya dozi ya kwanza alipata homa kali na maumivu ya mwili mzima. Tulikuwa tumeonywa, lakini kuonywa hakupunguzi urefu wa usiku.

Jambo lililotusumbua zaidi halikuwa homa. Daktari hakutuficha kwamba dawa haiponyi kolajeni. Mifupa huongezeka uzito, hilo linapimika. Lakini juu ya kiasi gani inapunguza kuvunjika, tafiti hazikubaliani. Tena dawa hubaki mifupani miaka mingi hata ikisimamishwa, na mtoto wa kike siku moja atakuwa mama. Tuliotia sahihi ni sisi; atakayeishi nayo mwilini ni yeye. Usiku ule tuliomba mpaka karibu na alfajiri. Hatukusikia sauti. Asubuhi tulitia sahihi.

Wapo waliotuuliza kama dripu si dalili ya kukosa imani. Tunawajibu kwa upole. Anayeomba mvua hulima shamba, wala hakuna anayesema jembe lake linamtukana Mungu. Kwetu imani haikuwa kukataa dawa, wala haikuwa kuiamini dawa kana kwamba imeahidi yote. Ilikuwa kutenda kwa kile kidogo tulichokijua, na kumwachia Bwana kile tusichokijua.

Sasa amepata dozi sita. Amevunjika mara mbili tangu tuanze, si mara saba. Pingili zimeanza kurudia umbo lake. Na katika picha za magoti yake kuna kitu tulichoonyeshwa na mtaalamu wa eksirei: mistari myeupe iliyopangana, mmoja kwa kila dozi, ikisogea mbali kadiri mfupa unavyokua. Tulihesabu sita. Tulikumbuka Yoshua 4, yale mawe kumi na mawili yaliyotolewa Yordani ili watoto wakiuliza maana yake, wazee wawe na la kusimulia.

Lakini tulipaswa kumjibu binti yetu. Tulimfungulia Yohana 19, mahali ambapo askari hawakuivunja miguu ya Yesu, na Mwinjili anayakumbuka Maandiko juu ya mifupa isiyovunjwa. Tukamwonyesha kwamba huyo ambaye mifupa yake ilibaki mizima alikuwa amekwisha kufa, na ubavu wake ukachomwa mkuki. Mwenye haki kuliko wote hakuepushwa na maumivu. Basi kulindwa na Mungu ni jambo kubwa kuliko kutoumia, na kuvunjika hakumwondoi mtoto mkononi mwake. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi ananijua." Hatukuwa na la kuongeza.

Ndugu msomaji, katika usharika wako huenda yupo mtoto anayebebwa kwa uangalifu kupita kawaida. Usiwaulize wazazi wake wametenda nini. Waulize dripu ijayo ni lini, ukawasindikize. Nasi tunawaombea wote wanaosubiri katika korido za hospitali, Bwana awahifadhi. Amina.