Chora Hata Kama Hujui Kuchora

Wanachuo wenzangu, hapa chuoni jibu letu ni moja. Bumu limechelewa: poa tu. Una sapu tatu: poa tu. Umefiwa: poa tu.

Mimi nilifiwa na baba nikiwa mwaka wa kwanza. Tulimzika nyumbani Shighatini, kule milima ya Upare, na wiki iliyofuata nilikuwa kwenye chumba cha testi. Kila aliyeniuliza hali nilimjibu poa.

Likizo nilimkuta mdogo wangu wa darasa la tatu hataki kabisa kumtaja baba. Mama kamsihi, shangazi kamsihi, kimya. Siku moja ya mvua nikatoa daftari na penseli za rangi, tukakaa jikoni tukachora. Mimi nilichora migomba. Yeye alichora ndiva, lile bwawa la kukusanya maji ya kijito usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Sikumuuliza "hiki nini?" Nilimwambia tu, "Nihadithie."

Akasema, "Kaka, zamu yetu ikifika, sasa nani atafungua maji?"

Tulilia wote wawili. Kumbe miezi yote ile alikuwa amebeba swali hilo, na mimi nilikuwa nalo lilelile, ila langu nililiita poa.

Jambo hili lina jina: tiba ya sanaa. Adrian Hill, mchoraji wa Uingereza, alipolazwa kwa kifua kikuu alijiliwaza kwa kuchora, kisha akawashirikisha wagonjwa wenzake. Yeye ndiye anayetajwa kuipa tiba hiyo jina, mwaka 1942. Haihitaji kipaji. Hakuna anayekupa maksi. Mdomo unaposita, mkono unatangulia, na maneno yanafuata nyuma.

Tusidanganyane lakini. Mchoro haulipi ada wala haumrudishi marehemu. Kama hulali, huli, au unawaza kujidhuru, daftari halitoshi. Mwambie rafiki akusindikize kwa mshauri wa wanafunzi au hospitali, leo leo.

Ila kama shida yako ni kukosa pa kuanzia, tenga robo saa kabla ya kulala. Chora kilichopo moyoni, hata kama ni duara jeusi tu. Si lazima umwonyeshe mtu. Na ukiamua kumwonyesha, mchague asiyecheka.