Kufasiri "To Be" kwa Kihispania

Yamkini hapana neno la Kiingereza linalotamkwa mara nyingi kwa fikira chache kama kitenzi "to be". Mwingereza hukitumia akisema yeye ni nani, akisema yuko wapi, akisema ana njaa, akitaja umri wake, na akilalamika kuwa leo kuna baridi. Umbo hubadilika, likawa "am", au "is", au "was", lakini kitenzi ni kile kile, wala msemaji haulizwi amekusudia maana ipi. Anayefasiri maneno hayo kwa Kihispania huulizwa. Hawezi kuandika hata sentensi ya maneno matatu kabla hajajibu, na jibu lake hubaki kwenye karatasi, likaonekana na kila asomaye.

Sehemu moja ya kazi hii ni nyepesi kwa Mswahili, naye ana haki ya kuifurahia. Mhispania mwenye njaa husema "tengo hambre", yaani nina njaa, neno kwa neno. Husema "tengo sed" akiwa na kiu, "tengo prisa" akiwa na haraka, "tengo miedo" akiwa na hofu. Nami nikitaja umri wangu kwa lugha yake naitaja miaka kama mali niliyo nayo, sawasawa na nisemavyo nyumbani. Pale tusemapo kuna, yeye husema "hay". Katika baridi ya hewa tu ndipo tunapoachana, maana yeye husema "hace frío", kwa kitenzi cha kufanya, kana kwamba yuko fundi asiyeonekana anayeitengeneza baridi hiyo.

Ugumu umo katika vitenzi viwili, "ser" na "estar", ambavyo vyote Mwingereza huvitia katika kapu moja. "Estar" kimetokana na kitenzi cha Kilatini cha kusimama, "stare". "Ser" kina wazazi wawili: "esse", kitenzi cha kuwa, na "sedere", kitenzi cha kuketi, ambavyo maumbo yake yalichanganyika kwa karne nyingi hata yakawa kitenzi kimoja. Kwa hiyo asili ya mmoja ina kuketi ndani yake, na asili ya mwingine ni kusimama wima. Natamani ningeweza kusema kuwa jambo hili humsaidia mfasiri, humpendeza tu.

Vitabu vingi vya mafunzo, hasa vile vilivyoandikwa kwa Kiingereza, humpa mwanafunzi kanuni hii: "ser" ni cha mambo ya kudumu, "estar" ni cha mambo ya kupita. Kanuni ni fupi, hukaririka upesi, na kwa maoni yangu imewadhuru wanafunzi kuliko ilivyowafaa. Mauti hudumu kuliko jambo lolote tulijualo, na Mhispania husema "está muerto". Ujana hupita, naye husema "es joven". Mji wa Madrid hauhami, lakini "Madrid está en España". Saa tisa ya mchana haikai hata dakika mbili, nayo hutajwa kwa "ser": "son las tres". Mwanafunzi aliyeshika kanuni yake kwa uaminifu hujikuta amekosea mbele ya maiti, mbele ya ramani na mbele ya saa ya ukutani.

Mimi huwaambia wanafunzi wangu waweke Kiingereza kando kwanza, waanze na lugha yao. Sisi pia tuna "ni", na tuna "yuko", "yupo" na "yumo", na katika kauli za wazee na za ushairi tuna "yu". "Es listo": ni mwerevu. "Está listo": yu tayari. "Es vivo": ni mchangamfu. "Está vivo": yu hai. Ama yule maiti aliyeivunja kanuni ya kitabu, Mswahili hashangazwi naye hata kidogo. Sisi husema amekufa, na katika kiambishi "-me-" mna mambo mawili kwa pamoja: tukio limekwisha, hali imebaki. Amelala, "está dormido". Chungu kimevunjika, "la olla está rota". Kudumu na kupita hakuna neno hapa. Swali ni kama tunataja kitu kilivyo, au tunataja hali ambayo kitu hicho kimekutwa nayo.

Sisemi kuwa lugha hizi mbili zinalingana kila mahali. Sisi husema supu ni ya moto, naye husema "la sopa está caliente", maana moto wa supu ni hali iliyoipata supu. Na iko tofauti moja ambayo huwachekesha wanafunzi wangu kila mwaka. Ukiuliza "¿Dónde es el examen?" umeuliza mtihani utafanyika chumba gani; ukiuliza "¿Dónde está el examen?" umeuliza karatasi yenyewe imewekwa wapi. Mwanafunzi anayelichanganya swali hili karibu na siku ya mtihani aweza kutazamwa kwa jicho baya.

Lakini si kila mara jambo hili ni la kuchekesha. Miaka michache iliyopita nilikaa kwa muda katika mji mmoja wa bandari huko Hispania, nikajuana na baharia kijana wa Tanga aliyevunjika mguu melini. Melini walitumia Kiingereza, na maelezo yake yaliandikwa kwa Kiingereza. Aliniletea tafsiri ya Kihispania niisome kabla haijapelekwa kwa wakili, kwa sababu alikuwa anadai fidia. Katika Kiingereza alikuwa amesema "the door was closed", na kwa ajili hiyo akapita njia nyingine, ndiko alikoanguka. Mfasiri aliandika "la puerta fue cerrada". Hiyo "fue" ni "ser" katika wakati uliopita, na sentensi ile humfahamisha Mhispania kuwa wakati ule palitokea tendo: mtu aliufunga mlango. Kama ingekuwa "estaba cerrada", angefahamu kuwa mlango ulikuwa katika hali ya kufungwa, basi.

Kiingereza hakikuweza kunisaidia, maana sentensi yake hubeba maana zote mbili bila haya. Nikamwuliza kwa Kiswahili: "Ndugu yangu, mlango ulifungwa, au uliukuta umefungwa?"

"Niliukuta umefungwa, mwalimu," akajibu mara moja. "Aliyeufunga simjui. Ningemjua ningemtaja."

Tofauti ile si ya herufi. Shahidi anayesema kuwa mlango ulifungwa ataulizwa ni nani aliyeufunga, saa ngapi, na yeye alikuwa amesimama wapi. Akijibu kuwa hakumwona mtu, ataonekana anajipinga, na mguu wake hautamtetea. Tulilifuta neno moja, tukaandika jingine, na karatasi ikaenda kwa wakili ikiwa na kile alichokiona, bila kuzidi. Mfasiri yule, nilivyoona, alikijua Kihispania vizuri. Kasoro yake ilikuwa kwamba hakumwuliza mwenye maneno.

Waandishi wakubwa nao wamesimama mbele ya swali hili. Leandro Fernández de Moratín alipoitoa tafsiri yake ya "Hamlet" mwaka 1798, alifika kwenye usemi maarufu wa mwana wa mfalme, ambao huanza na kitenzi hiki hiki cha Kiingereza, akaviacha "ser" na "estar" vyote viwili. Alichagua "existir". Wengi waliomfuata walirudi kwenye "ser", na leo ndilo neno ambalo kila Mhispania hulijua kwa moyo. Yamkini masikio yao yana haki, maana "ser" lina uzito na ufupi unaofaa jukwaani. Walakini mimi humwelewa Moratín. Kijana yule haulizi kuwa yeye ni nani, wala yuko chumba gani. Anauliza kama abaki miongoni mwa walio hai. Kwa Kiswahili nisingemwandikia "kuwa", ambalo msikilizaji atangoja limaliziwe: kuwa nani, kuwa nini? Ningemwandikia "kuwapo".