Khasi iliyonipa usingizi

Nimezaliwa Lushoto, ambako mwezi wa Julai watu huota moto jikoni na blanketi ni lazima. Kwa hiyo Mei yangu ya kwanza Delhi, joto likipita nyuzi 45 na ule upepo mkavu waitao luu ukivuma kutoka magharibi, niliishi kwa soda za barafu. Usiku nilikuwa wa kugaagaa tu, na masomo hayakuingia.

Mama mwenye nyumba alinionea huruma. Aliniletea chungu cha udongo na kifungu cha mizizi myembamba, mikavu, iliyofungwa kwa uzi. “Itie majini, mwanangu, unywe kesho.” Asubuhi maji yalinukia ardhi iliyopigwa na mvua ya kwanza. Sikushtuka, kwa shangazi yangu Pangani mtungi hufukizwa ubani kabla ya kutiwa maji.

Hiyo ndiyo khasi, mizizi ya nyasi ambazo mabwana shamba wa kwetu huziita vetiva. Katika Ayurveda huitwa ushira, nayo huhesabiwa miongoni mwa dawa za kupoza: kiu, homa, mwili kuwaka. Mimi haikuniponya ugonjwa wowote, na anayekuuzia khasi kwa ahadi ya kutibu kila kitu mpite. Kilichobadilika ni mazoea. Soda niliziacha. Dirishani nikatundika pazia la mizizi hiyohiyo, jioni nalinyunyizia maji. Upepo ukipenya, maji hugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto la hewa. Chumba kikapoa, kikanukia. Nikalala.

Harufu ile ilinifikisha Kannauj, mji wa manukato huko Uttar Pradesh. Pale mizizi huchemshwa ndani ya mitungi mikubwa ya shaba, mifuniko ikizibwa kwa udongo wa mfinyanzi, na mvuke hupitishwa kwenye mrija wa mwanzi hadi chombo kingine kilichozamishwa kwenye maji baridi. Mafuta yanayopatikana ni mazito, yana ukijani unaotokana na shaba, na harufu yake hukawia kuondoka. Ndiyo maana watengeneza manukato wa Ufaransa huyategemea kushikilia harufu nyepesi zisiruke upesi.

Nimerudi nyumbani sasa, na shamba la Baba liko mteremkoni. Nimepanda vetiva kwa mstari unaofuata kontua, mche hadi mche sentimita 10 hadi 15. Mizizi yake hushuka wima, mita 3 na zaidi, haitambai kwenda kunyang'anya mahindi mbolea. Mvua ikinyesha, maji hupunguza kasi kwenye ukuta ule wa majani na kuacha udongo nyuma yake.

Lakini uzuri wote umo kwenye mzizi, na mzizi haupatikani bila kung'oa shina zima. Haiti, ambako hutoka sehemu kubwa ya mafuta haya duniani, kuchimba mizizi milimani huacha ardhi wazi kwa mvua. Kwa hiyo ya mteremkoni siigusi. Ya chungu nimeiotesha kando, kwenye sehemu tambarare nyuma ya zizi.

Baba analalamika kwamba ng'ombe hawali majani ya vetiva yakikomaa, na hasemi uongo. Tumekubaliana: matuta ya chini yabaki na majani ya gwatemala, malisho ya ng'ombe wake.