Krismasi na ile makala yangu

Najua nimepotea, kazi zilizidi. Desemba ndiyo hiyo imeingia, watu wanagombea tiketi za Moshi, na mimi kabla sijapanda basi nina deni la kulipa.

Mwaka wangu wa kwanza kazini mhariri aliniambia nimletee kitu cha Krismasi. Nikiwa bado na moto wa chuo, nikaandika kwamba Desemba 25 ilikuwa sikukuu ya mungu Jua wa Warumi, Kanisa likaiteka, habari imekwisha. Niliandika kama vile nilikuwepo. Niliyatoa wapi? Kwenye intaneti, kurasa mbili zilizonakiliana. Ikachapwa, nami nikaenda nyumbani na nakala mbili za gazeti mkobani, kifua mbele.

Baba mdogo ni katekista. Aliisoma taratibu, akarudia. Nilitegemea ugomvi. Akauliza tu, "Mwanangu, haya umeyapata wapi?" Nikamjibu, "Wataalamu wanasema, baba." "Wataalamu gani?"

Jamani! Hilo ndilo swali ninalowabana nalo wanasiasa kila wiki, na sikuwa na jibu. Mtori wenyewe ulinishinda kumeza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikichimba kidogo kidogo. Biblia haitoi tarehe. Luka anataja wachungaji wakilinda kundi usiku, hasemi mwezi gani. Wakristo wa mwanzo walihangaikia Pasaka zaidi. Clement wa Aleksandria, mnamo mwaka 200, anaeleza kwamba kuna waliokadiria siku ya kuzaliwa kwa Bwana kuwa Mei 20, wengine siku za Aprili. Desemba 25 haimo kabisa. Origen aliyemfuata hata hakupenda sherehe za kuzaliwa. Aliandika kwamba katika Maandiko wanaofanya karamu za namna hiyo ni watu kama Farao na Herode. (Sijui angesema nini angeona keki za siku hizi.)

Ushahidi wa kwanza usiobishaniwa uko kwenye kalenda iliyoandikwa Roma mwaka 354. Ndani yake kuna orodha ya sikukuu za mashahidi, ambayo wataalamu wanaipeleka nyuma hadi mwaka 336, na inaanza na Desemba 25: Kristo azaliwa Bethlehemu ya Uyahudi. Sasa sikilizeni. Kitabu hicho hicho, sehemu nyingine, siku hiyo hiyo, kinataja kuzaliwa kwa "Asiyeshindwa", ambaye kwa kawaida anatambuliwa kuwa ni Jua, na mizunguko 30 ya mashindano ya magari ya farasi. Na kweli Kaisari Aurelian alilizindulia Jua hekalu mjini Roma mwaka 274.

Kwa hiyo sikuzusha kila kitu. Lakini nani alimwiga nani? Hapo ndipo nilipovuka mto bila mtumbwi. Sikukuu hiyo ya Jua ya Desemba 25 nayo, ushahidi wake wa kwanza ulio wazi ni kalenda hiyo hiyo ya 354. Zote mbili zinatokea kwenye kitabu kimoja, na mimi niliwaambia wasomaji kwamba moja ni mama na nyingine ni mtoto.

Tena kuna maelezo mengine ambayo sikuyagusa kabisa. Tertullian, karibu na mwaka 200, aliweka kifo cha Yesu Machi 25. Baadaye Augustino anaandika kwamba waliamini alitungwa mimba siku ile ile aliyokuja kufa, yaani Machi 25. Hesabu miezi tisa uone unaangukia wapi. Upande wa mashariki kuna waliotumia Aprili 6, nayo miezi tisa inakupeleka Januari 6, siku ambayo Kanisa la Armenia linasherehekea hadi leo. Mimi binafsi hesabu hii inanivuta, ingawa haifuti ile ya Jua. Huenda zote mbili zilichangia. Kwanza hata wao wenyewe walibishana: mwaka 386 Yohane Krisostomo akihubiri Antiokia alikiri kwamba sikukuu hiyo haijatimiza miaka kumi tangu ijulikane kwao.

Mwaka jana nilimweleza baba mdogo yote haya. Bibi alikuwa pembeni anamenya ndizi, nikadhani hasikilizi. Akasema, "Hata mimi tarehe yangu niliandikiwa." Kitambulisho chake kinasema Julai 1. Karani alimuuliza alizaliwa lini, akajibu ni msimu wa mvua kubwa, karani akajaza alichoona kinafaa. Kila Julai 1 tunampelekea khanga, na hajawahi kuzikataa.

Baba mdogo alicheka, kisha akauliza kama gazeti lilisahihisha. Halikusahihisha. Nilipomwambia mhariri, alinijibu kwamba Krismasi imeshapita, nani atasoma?

Basi someni nyinyi. Hii nimeichapa kwa maandishi makubwa ili baba mdogo asihangaike na miwani. Basi langu linaondoka alfajiri. Krismasi njema, na ndugu zetu wa Ethiopia tuwasiliane Januari 7.