Ndivyo Tunavyosema

Mwaka 1989 nilikabidhiwa darasa la wageni sita mjini Zanzibar. Sifa yangu kubwa ilikuwa kuzaliwa katika Kiswahili. Mkuu wa kituo aliniambia kazi ni nyepesi: lugha ni yako, wape. Nilikuwa mwalimu wa sekondari, nimezoea watoto wanaoingia darasani wakiwa wanaongea tangu asubuhi, na hakuna aliyenitahadharisha kwamba kumfundisha mtu mzima asiyejua hata neno moja ni kazi nyingine kabisa.

Wiki ya tatu Mjerumani mmoja akanyoosha mkono. Alikuwa amejifunza kwamba *-me-* ni ya jambo lililokwisha. Sasa akauliza: mbona mnasema "nimechoka", na uchovu bado ninao? Mbona "amelala", na mtu yuko kitandani hivi sasa anakoroma? Nikamjibu, "Ndivyo tunavyosema." Aliandika jibu lile kwenye daftari lake kwa heshima zote, na mimi nikatoka pale nimefadhaika, maana nilijua sijamjibu.

Kabati la kituo lilikuwa na sarufi ya Ashton ya mwaka 1944 na kitabu cha Perrott cha 1951, vyote vimeandikwa kwa Kiingereza. Chini yake palikuwa na matoleo machache ya jarida la *Kiswahili*. Jarida lile lina ukoo mrefu. Asili yake ni taarifa za Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki. Kamati ikazaa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, mwaka 1964 huko Dar es Salaam, na jarida likaenda nayo. Niliyasoma matoleo yale usiku kwa usiku. Nilipata istilahi, ushairi na mijadala mizito ya ngeli, na hadi leo nawashukuru walioandika. Lakini mtu wa kunieleza nifanye nini Jumatatu saa mbili asubuhi mbele ya Mjerumani yule sikumpata humo. Ashton alikuwa ameligusa suala lile la *-me-*. Tatizo ni kwamba kueleza jambo kitabuni si sawa na kulifanya lionekane darasani.

Jibu nililipata miaka michache baadaye, Dar es Salaam, wakati wa chai katika mkutano wa walimu. Mama mmoja wa makamo kutoka Mombasa, aliyekuwa amewafundisha wageni miaka mingi, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema: "Mwanangu, huyo hakuulizi kama mwasema hivyo, hilo yuwajua. Akuuliza kwa nini." Akaniomba kofia yangu. Akaanza kuivaa polepole mno, mikono juu, huku akisema, "Ninavaa kofia, ninavaa kofia." Ilipokaa kichwani akashusha mikono, akatulia. "Nimevaa kofia." Akanyamaza, akaniacha nimtazame. Kitendo kimekwisha, hali imebaki. Mwenye kuchoka ameshaingia katika uchovu na bado yumo. Mwenye kulala ameshaingia usingizini.

Tangu siku ile sijafundisha *-me-* bila kofia. Mama yule hakuwa ameandika makala hata moja. Ujuzi wake wote ulikuwa mikononi mwake, na ningekosa chai ile ningeukosa daima.

Ndipo nilipoanza kuwatafuta wenzangu kwa makusudi. Hapo hapo Zanzibar palikuwa na TAKILUKI, iliyoanzishwa mwaka 1979, na walimu wake hawakuwa wachoyo wa mazoezi. Mwanafunzi mmoja aliniletea toleo la *Swahili Forum*, jarida lililoanza kutoka Köln mwaka 1994, nikagundua kwamba kuna watu Ulaya wanaobishana kwa hamasa juu ya lugha yangu. Humo nilielewa kilichokuwa kikinitatiza kila muhula: wageni waliosoma vyuoni kwao walikuja wakiniuliza kama "barua" ni ngeli ya 9, nami nimekua na I-ZI. Walihesabu majina kwa namba, sisi tuliyapanga kwa upatanisho. Zamani niliona wamefundishwa vibaya. Kumbe ni njia mbili za kupanga nguo zile zile sandukuni, na mwalimu wa wageni sharti azijue zote mbili.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. CHAUKIDU, chama cha ukuzaji wa Kiswahili duniani, kiliwakutanisha walimu walioko Marekani na sisi tulioko huku, na kwa mara ya kwanza nikasikia mihadhara ambayo mada yake ni darasa lenyewe: jinsi ya kupima mazungumzo, jinsi ya kumfundisha mgeni saa zetu bila kumchanganya. Simu zikaleta makundi ya WhatsApp. Mwaka 2020, korona ilipotufungia nyumbani na madarasa yakahamia kwenye skrini, niliuliza usiku namna ya kufundisha maamkizi kwa watu wasioweza kupeana mkono. Kabla ya alfajiri walimu wa nchi tatu walikuwa wamenijibu. Mwaka uliofuata UNESCO ikaitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Hata hivyo nina neno moja. Makundi ya simu ni mazuri, ila ujumbe wa leo kesho umezama. Majarida yetu yanadumu, nayo bado yamejaa fonolojia na uhakiki wa riwaya kuliko darasa la mgeni. Kosa si la wahariri. Wanaojua kazi hawaandiki. Wanadhani kofia si elimu. Mama yule wa Mombasa ameshatangulia mbele ya haki, na sijui alikuwa na mbinu ngapi nyingine ambazo hakuna aliyempa kofia azionyeshe.

Mwalimu unayesoma hapa, wewe uliyepata njia ya kumweleza mgeni tofauti ya "nyumbani kuna watu" na "nyumbani mna watu", iandike. Kurasa mbili zinatosha. Ipeleke jaridani kabla muhula haujaisha.