Siku Tatu Kiwayu, Katika Nyumba ya Wageni Isiyo na Mlango

Kila likizo ya shule inapokaribia, wasomaji wetu huulizana ni wapi familia ya Kiislamu inaweza kupumzika ufuoni ikaswali kwa utulivu, ikala bila shaka, na mama na mabinti wakatembea bila kusumbuliwa. Leo napenda kuwaeleza habari za mahali pamoja, kaskazini ya visiwa vya Lamu, ambapo mimi, mke wangu na watoto wetu wawili tulikaa siku tatu mwezi wa Januari.

Kiwayu ni kisiwa chembamba na kirefu. Upande wa mashariki kinapigwa na mawimbi ya bahari kuu. Upande wa magharibi upo mkondo uliotulia wenye mikoko, nao ndio unaokitenga kisiwa na bara. Wakaazi wake ni Wabajuni, watu wa bahari tangu enzi za mababu, ambao riziki yao ni samaki na kamba. Kisiwa kimo ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979.

Safari yake si fupi. Kutoka Mombasa tulipanda basi kwa njia ya Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, kisha tukavuka kwa boti na kulala Amu. Asubuhi tulipita Mkanda, ule mkondo ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambao vyombo huusubiri maji yajae ndipo vipite. Kutoka hapo tuliiacha Pate, tukaiacha na Ndau. Mwezi wa Januari upepo wa kaskazi humpinga anayekwenda na humsukuma anayerudi. Kwa hiyo mashua ya tanga ingetuchukua kutwa nzima, nasi tukachagua boti ya mashine, iliyotufikisha kwa muda wa saa mbili na kidogo.

Nyumba yenyewe inashangaza kwa vile isivyokuwa navyo. Haina mlango, haina kufuli, na upande unaotazama bahari hauna ukuta. Imesimama juu ya boriti za mikoko, paa ni la makuti, na chini ni mchanga uliotandikwa majamvi. Kila familia ina banda lake, na kila banda limejitenga nyuma ya kilima cha mchanga hata huwezi kuliona la jirani. Kwa sababu hiyo sitara ya wake zetu ilikuwa kubwa kuliko katika hoteli nyingi za kuta na vioo nilizowahi kulala. Ukisimama kuswali, kibla ni kaskazini, na bahari kuu inabaki mkono wako wa kulia.

Umeme ni wa kipande kimoja cha sola, na taa ni moja, iliyoelekezwa ndani. Tuliombwa tusiwashe tochi kuelekea ufuoni, kwa kuwa kasa hutaga mayai katika mchanga wa pwani hizo. Vifaranga vyake vinapoanguliwa usiku hufuata mwanga wa upeo wa bahari ili vifike majini, na taa ya mwanadamu huvipoteza vikaelekea nchi kavu vikafa. Watoto wetu walilipokea sharti hilo kuliko tulivyotarajia. Baada ya Isha walilala chali mchangani wakihesabu nyota, na hakuna aliyeuliza habari za simu.

Lakini jambo lililonifanya niandike makala haya ni maji. Kiwayu haina mto, na maji matamu ni ya mvua. Watu wa visiwa vile huyakusanya kwa jabia, yaani sakafu pana iliyosakafiwa kwa mteremko, ambayo hupokea mvua ya masika na kuitiririsha ndani ya birika. Yakishaingia, maji hayo hutegemewa miezi mingi, na kufikia Januari huwa yamekwisha kushuka. Jioni ya kwanza mwenyeji wetu, mzee wa Kibajuni, alituletea ndoo tatu akaziweka mbele ya banda, akasema: “Maalim, hapa maji hayauzwi, hupimwa. Hizi ni zenu mpaka kesho magharibi.”

Niliwaita watoto nikawakumbusha jambo walilolisoma chuoni. Imepokewa kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi ndiyo kibaba chetu, na vibaba vinne hufanya pishi, ile ile tunayoitolea zakatul-fitri. Mjini, ambako mfereji hufunguliwa ukaachwa ukimwagika, mafundisho haya husomwa kama habari ya zamani. Kule tulichota kibaba, tukatawadha watu wote, na maji yakatutosha. Binti yangu aliniuliza kwa nini nyumbani tunatumia ndoo nzima. Nilimwambia alitafute jibu mwenyewe tutakaporudi.

Wasomaji wenye umri wangu watakumbuka kwamba pwani ile imepitia mtihani mzito. Mwezi wa Septemba 2011 watu wenye silaha waliivamia hoteli moja upande wa bara, mkabala na kisiwa, wakamuua mgeni na kumteka mkewe, ambaye aliachiwa mwezi wa Machi 2012. Wageni wakaacha kuja, na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku kwa miaka. Dini yetu haina utata katika jambo hili. Mtu aliyeingia kwenu kwa idhini, awe Mwislamu au asiwe, amepewa amani, na kumdhuru ni khiyana. Walioumia baada ya aliyeuawa na jamaa zake walikuwa wavuvi na wanawake waliosuka majamvi, watu wasiojua lolote katika uovu ule. Kwa hiyo nyumba isiyo na mlango mahali kama pale si mapambo. Mwenyeji anakwambia kwamba mlinzi wako ni yeye na mji wake, naye anaiweka heshima yake rehani.

Usiku wa pili, baada ya Isha, mzee yule alikuja akaketi jamvini na swali lake. Birika la jirani yake, mwanamke mjane, lilikuwa limepata ufa na maji yamepotea. Mara mbili amekuja kuomba. “Nikimpa yeye, nawapunguzia wageni, nao wamekwisha kulipa. Nikiwapa wageni, jirani analala na kiu. Na wazee wa msikiti wananiambia, ulipofungua nyumba tulikuuliza, maji yatatoka wapi? Sasa nihukumie, Maalim. Maji haya ni ya nani?”

Nilimjibu kwa kadiri ya nilichofunzwa. Kwanza, maji uliyoyakusanya katika chombo chako ni mali yako, lakini tumekatazwa kumnyima mtu maji ya ziada. Pili, kiu hutangulia. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mwenye maji anayeyahitaji kwa kiu, iwe yake, ya mwenzake, au hata ya mnyama mwenye heshima ya kuhifadhiwa, huacha kutawadha akatayamamu. Ikiwa Swala, iliyo nguzo ya dini, imewekewa mlango wa mchanga ili mwenye kiu anywe, basi kuoga kwa mgeni mara ya pili hakuwezi kumtangulia mjane. Tatu, mgeni ana haki ya kile alichoahidiwa. Kwa hiyo usiahidi usichonacho. Mwambie kipimo chake kabla hujapokea fedha, akiridhia aje, asiporidhia aende kwa salama. Hapo hujamdhulumu mgeni wala jirani.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Basi nitaandika ubao niutundike mlangoni.”

Mke wangu akamjibu kutoka nyuma ya pazia: “Mlango huna, baba.”

Tukacheka sote, na akaazimia kwamba kipimo kitatajwa Amu, kabla mgeni hajapanda boti. Asubuhi alimpelekea jirani ndoo mbili. Yetu ilikuja kama ilivyoahidiwa, ndoo tatu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huwa tunaitamka methali hii tukiwa wenyeji, kwa kujitumainisha. Nadhani inatupasa kuitamka zaidi tukiwa wageni, kwa kujihoji: Je, mwenyeji wangu amepona kwa kuja kwangu, au nimemwachia birika tupu? Fedha peke yake haijibu swali hilo, maana fedha haiteremshi mvua mwezi wa Januari.

Kwa familia itakayopenda kwenda, nina nasaha chache. Ulizeni kwanza hali ya usalama kwa wenyeji na maafisa wa Lamu, kwani hali hubadilika. Epukeni miezi ya kusi, bahari inapochafuka. Beberni maji ya kunywa kutoka Amu katika madumu, na takataka mrudi nazo. Ulevi hauruhusiwi, na anayepita kijijini huvaa mavazi ya stara, mwanamume na mwanamke. Chakula ni wali wa nazi, samaki wa kupaka na kamba. Wakati wa Swala, nendeni msikiti wa kijiji, kwa sababu mgeni akijulikana msikitini huwa si mgeni tena. Msafiri asiyenuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, anaendelea na ruhusa ya kupunguza Swala. Sisi tulirudi siku tatu zilipotimia, maana huo ndio mpaka wa haki ya ugeni, na zaidi yake ni sadaka.

Siku ya kuondoka, ndoo moja katika tatu ilikuwa haijaguswa. Watoto waliibeba wao wenyewe, huku na huku kwenye mpini, wakaifikisha kwa yule mama bila ya kumwaga. Tunamwomba Allah awateremshie watu wa Kiwayu mvua ya kheri, ayajaze mabirika yao, na awajaalie amani wao na kila anayewazuru. Amin.