Uvuvi wa Kukodi katika Pwani ya Kusini: Kumbukumbu Kutoka Waithaka

Uvuvi wa kukodi ni biashara ambayo mwenye mashua humpeleka mteja baharini kwa malipo ya nusu siku au siku nzima, akimpa nahodha, mabaharia, vifaa na chambo, ili mteja huyo avue kwa mikono yake mwenyewe. Katika Pwani ya Kusini ya Kenya, yaani ukanda wa Kwale ulio kusini mwa kivuko cha Likoni hadi Vanga mpakani mwa Tanzania, biashara hiyo hufanyika katika maji ya aina tatu: maji ya ndani, yaliyo kati ya ufuo na mwamba wa matumbawe pamoja na hori zenye mikoko za Gazi na Funzi, maji ya karibu, nje kidogo ya mwamba, ambako kina huporomoka ghafla, na maji makuu ya Mlango wa Pemba, unaotenganisha kisiwa cha Pemba na bara kwa umbali wa kilomita 50 hivi. Kwa kadiri mwandishi wa kumbukumbu hizi anavyokumbuka, kitovu cha biashara hiyo kimehama kutoka maji makuu kuja maji ya ndani, na kwa maoni yake sababu kubwa ya kuhama huko imetoka bara, katika mitaa kama Waithaka alikolelewa.

Waithaka, mtaa wa Dagoretti magharibi mwa Nairobi, ulikuwa mbali na bahari kwa zaidi ya umbali wa reli. Katika mila za Wagikuyu samaki hakuhesabiwa kuwa chakula, na hata walipoanza kuonekana majikoni, waliotangulia ni mbuta, ngege na omena wa Ziwa Victoria. Uvuvi wa Pwani ulijulikana mtaani kwa picha tu, na katika picha hizo alisimama mgeni mzungu kando ya samaki mkubwa aliyening'inizwa kwa mkia, huku mabaharia waliomfikisha kwa samaki huyo wakiwa hawaonekani au hawatajwi.

Picha za namna hiyo zilikuwa na historia yake. Mapema mwaka 1954 Ernest Hemingway, akiuguza majeraha ya ajali mbili za ndege alizopata nchini Uganda, alifika katika kambi ya uvuvi ya Shimoni, na huko akaungua tena katika moto wa vichaka. Katika miaka ya 1960 ilianzishwa klabu ya uvuvi hapo hapo Shimoni, na wateja wake walifuata samaki wenye mdomo mrefu kama upanga, yaani sulisuli na jamaa yake marlini, katika msimu wa kaskazi, upepo unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Ujuzi ulioziongoza mashua hizo, hata hivyo, ulikuwa wa wenyeji: Wavumba, Wakifundi na Wadigo, pamoja na Wapemba waliokuja dago, yaani kupiga kambi ya msimu ufuoni na kurudi kwao upepo ukigeuka. Nahodha wa kizazi hicho alilijua fungu la samaki kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu, mathalani mnazi mrefu na mnara wa msikiti, na zilipokaa mstari mmoja, huku jozi nyingine ya alama upande wa pili ikilingana vilevile, aliteremsha nanga bila kuhitaji chombo chochote cha kupimia.

Badiliko la kwanza kubwa lilikuwa kumwachilia samaki. Sulisuli akisogezwa ubavuni, baharia aliyevaa glavu humshika mdomo, mwenzake humchoma mgongoni, karibu na pezi, kibandiko chembamba chenye namba, kisha mashua husonga polepole ili maji yapite katika matamvua yake mpaka apate nguvu na kujichomoa mwenyewe. Jambo hili halikuja mapema hata kidogo, kwa kuwa meli kubwa za kigeni zilikwisha kuongezeka tangu miaka ya 1980, na marlini mwenye milia sasa anatambuliwa na Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi kuwa amevuliwa kupita kiasi.

Badiliko la pili lilitokana na wateja. Ghasia za Likoni za Agosti 1997, na misukosuko iliyofuata hadi janga la korona mwaka 2020, ziliwapunguza wageni wa ng'ambo mara kwa mara, na nafasi yao ikajazwa hatua kwa hatua na Wakenya, hasa baada ya treni mpya ya Nairobi na Mombasa kuanza safari mwaka 2017. Familia na vyama vya akiba vya Waithaka husafiri shule zinapofungwa, na likizo mbili kati ya tatu, za Aprili na Agosti, huangukia msimu wa kusi, upepo mkali unaochafua maji makuu. Nahodha aliyetaka kazi miezi hiyo alilazimika kurudi ndani ya mwamba, akitumia mshipi wa mkono au ufito mwepesi, chambo cha chuchunge, na alama zile zile za wazee. Mteja naye hakutaka picha tu. Alitaka changu au kolekole wa kukaanga jioni.

Mwandishi hulipokea badiliko hili kwa furaha, lakini pia kwa wasiwasi, kwa sababu maji ya ndani ni membamba na matumbawe yake yaliumizwa vibaya na joto la mwaka 1998. Hifadhi ya Kisite, iliyoanzishwa miaka ya 1970, hairuhusu uvuvi, na ile ya Mpunguti jirani yake huruhusu zana za jadi tu, lakini kwingineko hiari ya nahodha ina uzito mkubwa. Tewa ndiye anayehitaji huruma zaidi: hukua taratibu, aghalabu huanza maisha akiwa jike na kugeuka dume akiwa mkubwa, hivyo kila anayechukua tewa wakubwa pekee huwaacha majike bila madume. Utaratibu uliobuniwa kwa ajili ya sulisuli unafaa kumfikia yeye pia, naye nguru, anayekua haraka, ndiye apelekwe jikoni.